Naoki Matsuda: Beki wa Japani aliyekataa kutundika daluga

ILIKUWA asubuhi ya kiangazi, Agosti 2, 2011, katika mji wa Matsumoto ulioko milimani, katikati ya Japani. Wachezaji wa Matsumoto Yamaga, timu iliyokuwa ikishiriki ligi ya daraja la tatu nchini humo, walikuwa wameanza mazoezi kwa kukimbia ili kupasha misuli moto.

Miongoni mwao alikuwamo mtu mmoja ambaye wengi walistaajabu kumwona katika timu ya daraja lile. Alikuwa na umri wa miaka 34. Alikwisha kucheza mechi 385 za Ligi Kuu ya Japani, na alikuwa ameanza mechi zote nne za nchi yake katika fainali za Kombe la Dunia za mwaka 2002.

Mbio zile za kupasha misuli zilipokaribia kwisha, mtu huyo alianguka ghafla na moyo wake ukasimama. Muuguzi mmoja, aliyekuwa miongoni mwa mashabiki waliofika kutazama mazoezi, alikimbilia uwanjani kusaidia. Wenzake walimkandamiza kifua huku gari la wagonjwa likisubiriwa. Kitu kimoja tu hakikuwapo: mashine ndogo ya kushtua moyo kwa umeme.

Siku mbili baadaye, Agosti 4, Naoki Matsuda alifariki dunia hospitalini.

Kwa wapenzi wa kandanda barani Afrika, jina lake huenda si maarufu kama lile la Hidetoshi Nakata au Shunsuke Nakamura. Lakini nchini Japani, Matsuda anakumbukwa kwa mambo mawili: kwanza, jinsi alivyoupenda mpira kupita kiasi, na pili, jinsi kifo chake kilivyowafanya watu wengi wajiulize swali zito kuhusu usalama wa wachezaji.

Matsuda alizaliwa Machi 14, 1977 mjini Kiryu, katika jimbo la Gunma, kaskazini magharibi mwa jiji la Tokyo. Wakati huo soka ya Japani ilikuwa bado ya ridhaa. Timu nyingi zilikuwa mali ya makampuni makubwa, na wachezaji wake walikuwa waajiriwa waliofanya kazi mchana na kucheza mpira baada ya kazi. Mchezo uliotawala nchini humo ulikuwa besiboli.

Mambo yalibadilika Mei 1993 ilipozinduliwa ligi ya kulipwa, ambayo wenyewe huiita J. League. Matsuda alikuwa na umri wa miaka 16 tu, akisoma katika shule ya sekondari ya Maebashi Ikuei, moja ya shule zinazosifika kwa kandanda. Kwa hiyo yeye ni wa kizazi cha kwanza cha vijana wa Japani walioweza kuota ndoto ya kuishi kwa kucheza mpira kabla hawajamaliza shule.

Mwaka huo huo wa 1993, Japani iliandaa fainali za Kombe la Dunia kwa vijana walio chini ya umri wa miaka 17. Matsuda alikuwamo katika kikosi cha wenyeji pamoja na Nakata na Tsuneyasu Miyamoto. Vijana hao walifika robo fainali, wakafungwa mabao 2-1 na Nigeria ya Nwankwo Kanu, ambayo hatimaye ilitwaa kombe.

Alipomaliza sekondari, Matsuda alijiunga na Yokohama Marinos mwaka 1995. Klabu hiyo, iliyozaliwa kutokana na timu ya kampuni ya magari ya Nissan, ilikuwa miongoni mwa timu kubwa nchini. Haikuwa kawaida kwa kijana aliyetoka shule kupewa nafasi mapema katika safu ya ulinzi, mahali ambapo kosa moja huigharimu timu nzima.

Matsuda aliipata nafasi hiyo katika msimu wake wa kwanza, na msimu huo ukaisha kwa furaha. Marinos waliwashinda Verdy Kawasaki, waliokuwa wametwaa ubingwa katika miaka yote miwili ya mwanzo ya ligi hiyo, wakawa mabingwa. Kijana wa miaka 18 alikuwa tayari na medali ya ubingwa wa nchi.

Alikuwa mrefu wa sentimita 183, mwenye nguvu, mzuri wa mipira ya juu, na asiyeogopa kugongana na mshambuliaji yeyote. Lakini hakuwa beki wa kubutua tu. Alipenda kutoka nyuma na mpira miguuni, na mara nyingine alipanda hadi kwenye lango la wapinzani kana kwamba amesahau kazi yake.

Hasira nazo alikuwa nazo. Alibishana na waamuzi, alionyeshwa kadi nyingi, na mara kadhaa aliiacha timu yake ikicheza na watu 10. Mashabiki wa Marinos hawakumchukia kwa hilo. Waliona kwamba hasira ile na juhudi ile vilitoka katika chemchemi moja.

Julai 1996, katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, Matsuda alishiriki katika mechi ambayo hadi leo Wajapani huiita muujiza. Ilichezwa mjini Miami, Marekani, dhidi ya Brazil iliyokuwa na Ronaldo, Rivaldo, Bebeto na Roberto Carlos. Japani haikuwa imeshiriki soka ya Olimpiki tangu mwaka 1968 ilipopata medali ya shaba nchini Mexico, na hakuna aliyeipa nafasi.

Wabrazili walishambulia karibu muda wote. Mlinda mlango Yoshikatsu Kawaguchi, mwenzake Matsuda katika klabu ya Marinos, aliokoa michomo mingi, na mabeki waliokuwa mbele yake walijitupa kila mahali. Kisha, katika dakika ya 72, beki Aldair na kipa Dida wakagongana wakiwania mpira mmoja, na Teruyoshi Ito akausukumiza wavuni. Mechi iliisha kwa bao 1-0. Matsuda, aliyekuwa na miaka 19, alikuwa miongoni mwa mabeki walioizuia Brazil isifunge.

Hata hivyo, muujiza huo haukuwafikisha mbali. Japani ilifungwa 2-0 na Nigeria, ikaishinda Hungaria 3-2, na ikatolewa kwa tofauti ya mabao ingawa ilikuwa imeshinda mechi mbili kati ya tatu. Nigeria, ile ile iliyowatoa vijana wa Japani mwaka 1993, iliendelea hadi ikaondoka na medali ya dhahabu.

Mwaka 1998 timu ya taifa ya Japani ilikabidhiwa kwa kocha ambaye Waafrika wanamfahamu vyema. Huyo ni Philippe Troussier, Mfaransa aliyefundisha ASEC ya Ivory Coast na timu za taifa za nchi hiyo, Nigeria, Burkina Faso na Afrika Kusini, na ambaye barani Afrika alipewa jina la utani la Mganga Mweupe.

Troussier alikuja na mfumo wa mabeki watatu wanaokaa katika mstari mmoja, wakipanda na kushuka kwa pamoja ili kuwanasa washambuliaji katika mtego wa kuotea. Mfumo huo ulihitaji nidhamu kubwa. Beki mmoja akichelewa hatua moja, mtego hufunguka na lango hubaki wazi. Ulikuwa mtihani mgumu kwa mtu kama Matsuda, aliyezoea kuufuata moyo wake zaidi kuliko mstari.

Alikwaruzana na kocha huyo zaidi ya mara moja, lakini aliufaulu mtihani. Mwaka 2000 alikuwamo katika kikosi kilichofika robo fainali ya Olimpiki ya Sydney, na baadaye mwaka huo huo katika kikosi kilichotwaa Kombe la Asia nchini Lebanoni, baada ya kuifunga Saudi Arabia bao 1-0 katika fainali. Mwaka huo pia aliteuliwa katika kikosi bora cha msimu wa Ligi Kuu, heshima aliyoipata tena mwaka 2002.

Zilipofika fainali za Kombe la Dunia za mwaka 2002, zilizoandaliwa kwa pamoja na Japani na Korea Kusini, Matsuda alikuwa nguzo ya upande wa kulia wa safu ile ya watu watatu. Katika mechi ya kwanza dhidi ya Ubelgiji, iliyoisha kwa sare ya 2-2, nahodha Ryuzo Morioka aliumia na kutoka. Nafasi yake katikati ilichukuliwa na Miyamoto, aliyecheza akiwa amevaa kinyago cha kukinga pua iliyovunjika. Kushoto alisimama Koji Nakata. Kulia alibaki Matsuda.

Juni 9, Japani ilikutana na Urusi mjini Yokohama, katika uwanja ambao ni nyumbani kwa klabu yake Matsuda. Bao moja la Junichi Inamoto liliipa nchi hiyo ushindi wake wa kwanza kabisa katika historia ya Kombe la Dunia. Siku tano baadaye iliifunga Tunisia 2-0 mjini Osaka na kuongoza kundi lake. Katika mechi hizo mbili safu ile haikuruhusu bao hata moja.

Safari ilikomea katika mzunguko wa pili, Juni 18, kwa kufungwa bao 1-0 na Uturuki, ambayo baadaye ilishika nafasi ya tatu. Matsuda alikuwa amecheza mechi zote nne tangu mwanzo.

Baada ya hapo, miaka yake mizuri zaidi aliipata katika klabu. Chini ya kocha Takeshi Okada, Yokohama F. Marinos, jina jipya la klabu hiyo baada ya kuunganishwa na Yokohama Flügels, walitwaa ubingwa mwaka 2003 na kuutetea mwaka 2004 kwa kuwashinda Urawa Reds kwa mikwaju ya penalti. Matsuda aliunda ngome pamoja na Yuji Nakazawa, ngome ambayo washambuliaji wengi wa ligi hiyo hawakupenda kukutana nayo.

Katika timu ya taifa, hata hivyo, nyota yake ilianza kufifia. Mwaka 2004 alikuwamo katika kikosi kilichotwaa tena Kombe la Asia nchini China, lakini kocha Zico wa Brazil aliwategemea zaidi mabeki wengine. Kufikia mwaka 2005 milango ilikuwa imefungwa. Matsuda alimaliza akiwa ameichezea Japani mechi 40 na kuifungia bao moja.

Aliendelea kuichezea Marinos mwaka baada ya mwaka, wakati mwingine kama beki, wakati mwingine kama kiungo mkabaji. Makocha walikuja na kuondoka. Wachezaji wenzake walikwenda Ulaya wakarudi. Yeye alibaki palepale na jezi yake namba 3, hata ikawa vigumu kwa shabiki wa Yokohama kuifikiria timu hiyo bila yeye.

Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Mwishoni mwa msimu wa 2010, baada ya miaka 16, klabu ilimwarifu kuwa mkataba wake hautaongezwa. Habari hizo ziliwaudhi mashabiki, ambao waliona mtu aliyeipa klabu ujana wake wote akionyeshwa mlango.

Mechi ya mwisho ilichezwa Desemba 4, 2010 mjini Yokohama dhidi ya Omiya Ardija. Matsuda aliingizwa kama mchezaji wa akiba. Baada ya filimbi ya mwisho mashabiki waliliimba jina lake, wakakataa kuondoka. Hatimaye alishika kipaza sauti mbele yao. Katika hali kama hiyo wachezaji wengi husoma hotuba ya shukrani iliyoandaliwa. Yeye, huku akilia, aliwaambia kwa lugha ya mtaani kwamba anaupenda mpira kwelikweli, na kwamba bado anataka kuendelea kucheza.

Kwa mchezaji wa miaka 33 mwenye jina kama lake, njia rahisi ilikuwa kutundika daluga, akawa kocha wa vijana au mchambuzi wa televisheni. Matsuda hakuifuata. Mapema mwaka 2011 alitia saini mkataba na Matsumoto Yamaga.

Uamuzi huo ulishangaza wengi. Yamaga ilikuwa timu ya mji wenye wakazi wapatao 240,000, mbali na bahari, mbali na Yokohama, na nje kabisa ya madaraja mawili ya ligi ya kulipwa. Katika ligi ile, baadhi ya wachezaji walikuwa bado wanafanya kazi nyingine ili waweze kuishi. Viwanja vya mazoezi havikuwa na vifaa vilivyozoeleka katika klabu kubwa.

Lakini Yamaga ilikuwa na mashabiki wengi, walioujaza uwanja kuliko baadhi ya timu za daraja la juu, na ilikuwa na shabaha: kupanda. Matsuda alilichukua lengo hilo kama lake. Alitaka kuipandisha timu hadi daraja la pili, kisha la kwanza, na siku moja arudi Yokohama akiwa na jezi ya Yamaga kucheza dhidi ya Marinos.

Msimu ulichelewa kuanza kutokana na tetemeko kubwa la ardhi na tsunami vilivyoikumba Japani Machi 11 mwaka huo. Ulipoanza, Matsuda alicheza, akafokea wenzake wakati wa mechi na kuwatania baada yake. Vijana waliokuwa wakimwona kwenye televisheni sasa walikuwa wakibadilisha nguo naye chumba kimoja.

Ndipo ikaja asubuhi ile ya Agosti. Madaktari walieleza kuwa alipatwa na ugonjwa wa kuziba ghafla kwa mshipa unaopeleka damu kwenye misuli ya moyo. Aliunganishwa kwenye mashine ya kusaidia moyo na mapafu, lakini hakupata fahamu tena. Wachezaji wa zamani na wa sasa walikimbilia Matsumoto kutoka pande zote za nchi. Mjini Yokohama, mashabiki walirundika maua, jezi na vitambaa vyenye namba 3.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Lakini ni wahenga hao hao waliosema tahadhari kabla ya hatari, na hapa ndipo kifo cha Matsuda kilipoiuma Japani zaidi.

Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kupata somo. Novemba 2002, miezi michache baada ya Kombe la Dunia, Mwana wa Mfalme Takamado, binamu wa Mfalme Mkuu Akihito na rais wa heshima wa Chama cha Soka cha Japani, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 47 baada ya moyo wake kusimama akicheza skwoshi. Julai 2004 serikali iliruhusu watu wasio madaktari kutumia mashine za kushtua moyo. Kufikia mwaka 2011 mashine hizo zilikuwa zimetapakaa katika vituo vya treni, shule, maduka makubwa na viwanja vikubwa vya michezo nchini kote.

Hata hivyo, katika uwanja wa mazoezi wa timu ya daraja la tatu, haikuwapo. Mtu aliyecheza Kombe la Dunia alianguka mahali ambapo msafiri wa kawaida katika kituo cha treni angekuwa na matumaini makubwa zaidi ya kuokolewa.

Wataalamu wanaeleza kuwa pale moyo unaposimama kwa namna inayoweza kurekebishwa na umeme, kila dakika inayopita bila kushtuliwa hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia kati ya 7 na 10. Hakuna anayeweza kuapa kwamba mashine ingemwokoa Matsuda. Kilicho wazi ni kwamba hakuipata nafasi hiyo.

Waafrika wanakumbuka uchungu wa namna hiyo. Juni 26, 2003, kiungo wa Cameroon, Marc-Vivien Foé, alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 28. Kwa upande mwingine wapo waliorudishwa. Machi 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kongo aliyekuwa akichezea Bolton, alianguka mjini London na moyo wake ukasimama kwa dakika 78, lakini akapona. Juni 2021, Christian Eriksen wa Denmark aliokolewa mbele ya macho ya dunia mjini Copenhagen, na baadaye akarudi kucheza. Waliopona walipata huduma na mashine ile hapo hapo walipoanguka.

Nchini Japani, kifo cha Matsuda kilizaa kampeni ya kuhimiza klabu, shule na timu za mitaani kuwa na mashine hizo karibu na kila uwanja na kuwafundisha watu wa kawaida kuzitumia. Watu wa familia yake wamekuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Januari 2012, wachezaji wenzake wa zamani, Nakata akiwa miongoni mwao, walicheza mechi ya kumbukumbu yake mjini Yokohama.

Marinos waliistaafisha jezi namba 3. Mwenyewe hakutaka kustaafu, kwa hiyo kilichostaafu ni namba yake.

Matsumoto nako, wenzake hawakukata tamaa. Mwisho wa msimu ule ule wa 2011 Yamaga walimaliza katika nafasi ya nne, nafasi ya mwisho iliyotosha kuwapandisha daraja la pili. Kwa misimu miwili iliyofuata hakuna aliyevaa jezi namba 3. Mwaka 2014 ilichukuliwa na Hayuma Tanaka, mwenyeji wa jimbo lile la Nagano aliyewahi kucheza na Matsuda katika klabu ya Marinos, na msimu huo huo Yamaga wakapanda hadi Ligi Kuu.

Mwaka 2015 mechi ambayo Matsuda alitamani kuicheza ilichezwa: Matsumoto Yamaga dhidi ya Yokohama F. Marinos, katika ligi ya juu kabisa ya nchi. Jukwaani walikuwapo watu wa pande zote mbili waliokuwa wamewahi kuliimba jina lake. Uwanjani namba 3 ilikuwa upande wa Yamaga tu.